Nukta Iliyovuka Ukingo

Mama alipoanguka mtaroni kwa mara nyingine akichuma chai yetu pale Boito, sisi watoto wake tulikubaliana: kama macho yamekwisha, shamba basi. Yeye alicheka tu. "Majani huchumwa na vidole," alisema, akakataa katakata kwenda hospitali ya Longisa kupimwa macho. Mama yangu akikataa jambo, hata mchungaji hurudi nyumbani na Biblia yake kwapani.

Mimi nina kompyuta ya zamani, kubwa kama kreti ya soda, ambayo mke wangu huiita takataka. Naipenda kwa sababu haina maringo. Za siku hizi, ukitaka kuchora nukta moja tu, kuna msururu wa programu za kupigia hodi kwanza. Hii unaandika namba moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya video, na nukta inawaka kwenye skrini papo hapo. Nikaamua kumpima mama macho kwa hila. Nilimwambia ni mchezo: skrini nyeusi, nukta moja nyeupe, aniambie iko wapi.

Kwa upumbavu wangu nilikuwa natangaza kila mara. "Sasa naweka juu," nasema. Naye, "Iko juu." Nilianza kufurahi, hata nikawaza jinsi nitakavyowasuta ndugu zangu.

"Sasa kulia, mwisho kabisa."

"Si hiyo hapo," alisema, akinyoosha kidole kulia. "Inawaka vizuri."

Kulia hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimekosea hesabu. Kumbukumbu ya video haijui ukingo. Safu zote za nukta kwenye skrini, kwake ni mstari mmoja mrefu, na mwisho wa safu moja umeshikana na mwanzo wa inayofuata. Nukta yangu ilikuwa imevuka ukingo wa kulia ikatokea kushoto, na huko ndiko ilikowaka, mbali na kidole chake.

Roho iliniuma. Nilitaka kunyamaza, Mungu anajua nilitaka.

"Mama," nikasema, "iko kushoto."

Hakubisha. Alishusha mkono polepole, akaulaza mapajani, vidole vyote vikiwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Ndugu zangu walikuwa wakisubiri jibu langu kwa simu, naye, kumbe, alilijua hilo tangu mwanzo wa mchezo.

"Sasa mkinitoa kwa majani," akauliza, "nitakuwa nakaa hapa naangalia nini?"