Shangazi na Stata

Masikio, fundi wa umeme wa magari, hakuwahi kubishana na injini, lakini na shangazi yake, muuguzi mstaafu, alibishana kila wiki. Asubuhi hiyo gari la shangazi lilikuwa limegoma kuwaka uani kwake.

"Ni betri," shangazi alisema. "Nimepima wagonjwa miaka thelathini, nitashindwa na bati hili?"

"Sawa, daktari. Hebu washa taa."

Taa zikamulika ukuta mzima.

"Sasa piga stata, ila macho yawe pale ukutani."

Gari likalia tak! mara moja tu, likanyamaza. Taa hazikufifia hata chembe.

"Betri ingekuwa imechoka, taa zingefifia. Mgonjwa wako ni stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake, shangazi."

Masikio akajipenyeza chini ya gari, akaigonga stata kwa mpini wa spana. "Jaribu tena!" Injini ikanguruma. Shangazi akapiga kigelegele, akaiomba ile spana awe anatembea nayo mkobani.

"Huko ni kumzaba mgonjwa kofi ili azinduke," Masikio akasema. "Wewe ungemruhusu aende nyumbani?"

Shangazi akazima injini mwenyewe. Masikio akaifungua stata, akakuta kaboni zake za kupitishia umeme zimelika zikabaki vijipande. Alipoweka mpya, gari likawaka bila kubembelezwa.

Jirani akachungulia dirishani. "Lilikuwa na nini?"

"Stata," shangazi akajibu, uso mkavu. "Niligundua mapema tu."

Masikio akainama akajifuta mikono muda mrefu, asionekane anavyocheka.