Filamu Tuliyoijua Hadi Mwisho

Harufu ya tairi kuukuu linaloungua bado hunifanya nitazame nje ya dirisha. Msimu ule nilipokuwa darasa la nne, ilianza kutufikia jua likikaribia vilima vya Ngong, ikitambaa juu ya nyasi kavu kutoka bomani kwa Mama Nashipae, jirani yetu wa pekee upande wa mbuga. Aliwasha kipande cha tairi langoni kila jioni ili moshi ule mweusi uwalinde kondoo wake. Mvua ilikuwa imekataa. Swala na nyumbu walikuwa wamehama, na simba walikuwa wameanza kuvuka mto kuja upande wetu wa Kitengela kutafuta walichokikosa kwao. Sisi tulikuwa wageni pale. Baba na mama walitoka Bungoma, wakanunua ploti wakati ambapo hakuna aliyetaka kukaa huko, wakajenga nyumba ya mawe ya vyumba viwili iliyosimama peke yake kwenye uwanda. Mama alitukataza mimi na kaka yangu Wafula kutoka nje baada ya saa kumi na moja jioni. Hakutueleza sababu, na hatukumwuliza, kwa maana siku hizo punda wa Mama Nashipae walikuwa wakisimama ghafla, masikio juu, wote wakitazama upande mmoja ambako sisi hatukuona kitu.

Ili tukae ndani bila kulia, mama alituwekea filamu. Tulikuwa nayo moja tu iliyokuwa haikwami, ya Kihindi, na kwa kuwa karatasi ya juu ya diski ilikuwa imebanduka, tuliiita Filamu ya Daktari. Ilimhusu daktari mwanamke aliyepelekwa katika kijiji cha milimani, ambako mwenye mashamba alimchukia na kuwakataza watu kwenda kwake. Alimbeba mtoto mgonjwa mgongoni akavuka daraja la kamba lililokuwa likikatika, na mwishoni mama mzazi wa yule mwenye mashamba aliugua, akaponea mikononi mwa daktari. Kati ya hayo kulikuwa na wimbo katika shamba la maua ya manjano, mrefu mno, ambao Wafula alikuwa akiupeleka mbele mwanzoni, halafu akaacha. Tuliitazama mpaka tukaanza kuona vitu ambavyo nadhani hata walioitengeneza hawakuviona. Kulikuwa na jogoo aliyepita nyuma ya hakimu katikati ya kesi, akageuka, akarudi alikotoka. Kulikuwa na muuza chai aliyekuwa sokoni asubuhi na ambaye, kwa namna isiyoelezeka, alikuwa pia miongoni mwa askari jioni. Kila tulipoirudia tuliwangoja hao kama mtu anavyowangoja binamu zake stendi.

Mume wa Mama Nashipae na wanawe wakubwa walikuwa wamekwenda na ng'ombe mbali, kupita Kisaju, wakifuata habari za nyasi. Alibaki na kondoo, punda, na watoto wadogo, mkubwa wao akiwa Nashipae, aliyekuwa rika langu. Siku moja mama alimwambia asikae peke yake jioni, aje kwetu hadi baba atakaporudi kutoka kazini, kisha baba amsindikize. Akaja. Watoto wake waliinamisha vichwa mbele ya mama ili awaguse, nasi tukafanya vivyo hivyo kwake, akatuwekea kiganja utosini, kiganja kikavu chenye harufu ya moshi na maziwa. Alikaa sakafuni akaitazama filamu kwa makini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hakujua Kihindi, wala maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini hakuyasoma. Mwenye mashamba alipopita akijigamba mbele ya mifugo yake, Mama Nashipae alitikisa kichwa, akamwambia mama kwa upole, "Huyu hana mali. Angalia ng'ombe zake vile zimekonda." Kuanzia hapo hatukumwogopa tena yule mtu kama zamani, ingawa kicheko chake kiliendelea kunipa baridi shingoni.

Ikawa desturi. Jua likizama, tairi likiwashwa, walikuja. Mama alichambua mchele karibu na dirisha akijifanya hatazami, lakini mara kwa mara alinyanyua kichwa kusikiliza nje. Baba alikuwa akishuka matatu kwenye barabara ya Namanga, kisha akikata uwanda kwa miguu na tochi yake. Aliimba njia nzima nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu ya kiume, kwa kuwa aliambiwa kwamba simba akimsikia mtu mapema humpisha. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba hatukupumua vizuri mpaka tuliposikia wimbo ule.

Halafu ikaja jioni ambayo stima ilipotea daktari akiwa katikati ya daraja. Kamba ya kwanza ilikuwa imekatika, mtoto yuko mgongoni, na kioo kikawa cheusi. Mama akatafuta mshumaa, akakumbuka umekwisha. Tukakaa gizani, na ndipo tukamsikia. Katika filamu simba hunguruma. Huyu alitoa sauti fupi ya chini, kama mtu mzito anayekohoa kifuani, akatulia, kisha akairudia karibu zaidi. Nilihisi sauti ile sakafuni kabla ya kuisikia masikioni. Mdogo wake Nashipae akaanza kulia, na kilio kile kingetuambukiza sote kama Mama Nashipae hangezungumza.

"Sasa daktari ameshika kamba," akasema, kama aliyekuwa bado anaiona. "Moja imekatika. Lakini ile ingine inabaki. Si mnajua inabaki?"

Tulijua. Akaendelea pole pole, akimvusha daktari ubao kwa ubao, na ilipofika zamu ya mwenye mashamba Wafula akatoa kile kicheko, chini chini, sauti ikitetemeka. Wimbo wa maua ya manjano akauchukua Nashipae kwa maneno aliyojitungia, na hakuna aliyeukatiza. Nje, mbali, tukasikia baba ameanza kuimba. Mama akasimama. Baba akaimba ubeti mmoja, akaingia katika wa pili, na katikati ya mstari akanyamaza.

Kisha mama, ambaye siku zote alidai hiyo filamu ni kelele tu, akaanza kusema maneno ya yule bibi mgonjwa, mama wa mwenye mashamba, yote, kama alivyoyasoma chini ya picha: kwamba mwanangu, mkono uliouzuia ndio umenifunika blanketi. Alikuwa amesimama mlangoni, akiyasema kuelekea nje. Aliyasema mpaka yakaisha, akarudia tena. Alikuwa ameanza mara ya tatu mlango ulipogongwa.

Baba hakuwa na sauti. Alikunywa maji kwanza, ndipo akatueleza kwamba mwanga wa tochi yake uliangukia macho mawili njiani, akakaukiwa na mdomo. Simba jike alipita mbele yake bila haraka, bila hata kumtazama. Alikuwa amebeba kitu kinywani.

Usiku huo hakuna aliyesindikizwa, wote walilala kwetu, na asubuhi tulijua ni nini. Moshi wa tairi haukuwa umezuia chochote. Ua wa miiba ulikuwa umelazwa upande mmoja, na kondoo wengi walikuwa wamelala humo shingo zikiwa zimepinda, ilhali aliyechukuliwa ni mmoja. Mama alilia, akamwomba Mama Nashipae msamaha kwa kumtoa kwake. Mama Nashipae alikuwa akishika masikio ya kondoo wake mmoja mmoja, kana kwamba anawaaga. Akasema bila kugeuka, "Ningekuwa hapa ningefanya nini? Watoto walikuwa kwako."

Wanaume walirudi kutoka malishoni wiki hiyo. Simba jike alipatikana karibu na mto, amechomwa mikuki, na watoto wote wa pale tukaenda kumwona. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomwaza. Chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa. Wafula aliuliza watoto wake wako wapi, na watu wazima wakaanza kuongea mambo ya mvua. Jioni ile tuliweka filamu kama kawaida, lakini ilipofika darajani Nashipae alinyanyuka akaketi jikoni, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Kesho yake alirudi mahali pake. Mvua ilipokuja walihamia upande wa Oltepesi, wakauza ile ardhi, na sikumwona tena.

Leo pale palipokuwa boma pana jengo la ghorofa tano, na mengine baada yake, hadi uzio wa mbuga. Nimezaa, nami naishi katika mojawapo ya majengo hayo. Nimetazama filamu nyingi nzuri kuliko ile, na nyingi nimezisahau kabla ya kulala. Ninazozirudia ni zile tu ambazo ninajua kila kitakachotokea, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba ni kwa sababu ya uigizaji au muziki. Binti yangu Taji ana miaka saba. Tangu tuhamie hapa anatazama katuni moja tu, na mwezi uliopita nilimwuliza kama haimchoshi.

"Hii najua vile inaisha," akanijibu, macho kwenye kioo.

Nikaketi kando yake. Baada ya muda kitu kizito kikaanguka kwenye sakafu ya watu wa juu, sauti ya mwanamume ikapanda, na mtoto akalia kilio kifupi kilichokatika ghafla. Taji hakushtuka. Alichukua rimoti akaongeza sauti, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Enzi zile nyumba zetu zilikuwa mbali kiasi kwamba moshi ndio uliotufikia, na bado mama alijua jirani yake amebaki na nani. Huyu mwanamke wa juu yetu nimesikia hatua zake muda wote huu, wala jina lake silijui. Nilivaa viatu nikapanda ngazi. Mlango ulifunguka kidogo, jicho lake moja likanitazama, na nikasema kwamba sisi wa chini tunatazama filamu, na kwamba yeye na mtoto wake wanaweza kuja sasa hivi.