Shilingi ya Shavuni

Mjukuu wangu, iko Krismasi moja ya utotoni kwetu Kakuyuni ambayo kila nikiikumbuka nahisi ladha ya chuma ulimini. Nilikuwa na miaka tisa, na ujanja wa kunitosha kujiponza.

Mjomba wangu Kahindi, kaka yake mama, alikuwa kibarua wa chumvi kule Gongoni. Miguu yake ilipasuka nyufa kwa yale maji makali, lakini hakupata kuja sikukuu mikono mitupu. Ukimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku akikutia shilingi kiganjani, kimya kimya. Na mama naye alikuwa na sharti lake: pesa ya sikukuu aione kwanza, litolewe fungu la sadaka, ndipo useme unataka kununua nini. Roho yangu ilikuwa kwenye bangili nyekundu nilizoziona dukani, na hiyo sadaka niliiona hasara tupu. Siku ile mjomba aliponipa yangu, nikaitia mdomoni, nikaibana shavuni.

Ndugu yangu Kazungu alionyesha yake. Mama akanigeukia.

"Nawe Dama, mjomba kakupa nini?"

Nikatikisa kichwa.

Laiti ningalijua. Mama alikuwa na kinyongo cha siku nyingi kwamba kwao mtoto wa kike hahesabiwi. Akauweka mwiko chini. "Kaka, huyu wa kike si mtoto? Ama nawe umekuwa kama baba yetu?"

Wali ulikuwa unapoa na hakuna aliyenyoosha mkono. Mjomba alinitazama. Alijua alichonipa, nami nilijua kwamba anajua. Angesema neno moja tu, ningechapwa mimi na yeye akabaki na heshima yake. Hakulisema. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa nauli yake ya kurudia Gongoni, akaninyooshea.

"Chukua, Dama. Na wewe dada, tusigombane siku aliyozaliwa Bwana."

Nikaipokea. Niliogopa, mwanangu, sijapata kuogopa vile.

"Sema asante," mama akaniamuru.

Ningependa kukwambia kwamba nilitubu, ila kwa umri huu naona haya kusema uongo. Nilijaribu kuitamka hiyo asante kwa upande mmoja wa mdomo, na shilingi ikaanguka sakafuni mbele ya wote. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni.

Mama aliinua mkono anipige, mjomba akaudaka. Akaiokota shilingi, akaifuta kwa shati lake, akanirudishia. "Hii ilikuwa yako tangu asubuhi," akasema taratibu. "Mbona umeiba kitu chako mwenyewe?"

Mama akakaa chini, akajifunika uso kwa leso, akamwomba kaka yake radhi huku analia. Hapo ndipo nilipoumia. Kipigo ningekisahau zamani, lakini mama yangu kuomba radhi kwa kosa langu mimi, hilo halijanitoka moyoni.

Basi nisikilize. Pesa ya sikukuu hukuitolea jasho; kuna mtu alijinyima ndipo ikakufikia. Ukipewa, shukuru kwa sauti. Waonyeshe wazazi wako. Mtengee Mungu fungu lake kabla macho hayajatangulia dukani, na umkumbuke mwenzio asiye na mjomba wala shangazi. Wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi naona hata kupokea ni moyo. Ukificha ulichopewa, hujui aibu itamwangukia nani, na mara nyingi humwangukia yule yule aliyekupa.

Na ile noti aliyokupa shangazi yako jana, niliona ulivyoisokomeza ndani ya soksi. Sijamwambia mtu, wala sitasema. Mama yako yuko jikoni. Nenda kwake wewe mwenyewe, kabla hajakuuliza. Mungu aibariki mikono yako ipokee bila hofu, mwanangu, na akupe moyo mweupe siku zote za maisha yako. Amina. Haya, inuka.