Bilatu ya arusi yenye kufinya

«Mais Nkambo, ni siku moja tu! Saa ya kanisa, saa ya kupiga foto, kisha naitoa. Muntu hafe juu ya bilatu.»

Vile njo nilimujibu nkambo yangu mwanamuke, muzazi ya muzazi yangu, leo mangaribi, hapa kwetu Hewa Bora. Alikuwa anaikala ku kiti yake ndogo mbele ya mulango, anachambua majani ya sombe. Miye nilikuwa nasimama mbele yake na robe yangu ya arusi, mukono moja ku ukuta, muguu moja mu kilatu, ingine inje. Kisigino ilikataa kuingia. Nilisukuma, ikakataa tena.

Ni fiancé yangu Mwepu njo aliinunua. Alienda peke yake mu magazini ya mu ville, akachagua na macho, juu alitaka kunishangaza: bilatu mweupe, talons ya chini ya kisigino murefu na mwembamba. Aliniletea mbele ya bandugu zake, kila muntu akapiga makofi, na miye nikasema «aksanti, iko juste, inaenea muguu». Haikuwa juste. Na arusi iko samedi hii, Jumamosi.

«Umwambie ni ndogo,» Nkambo alisema. Basi.

Kama mambo ingekuwa mwepesi vile! Nilimwelezea Nkambo kama Mwepu ataona haya. Bandugu zake batamuchekelea: mwanaume anapima mukuba, ile shaba ya moto, ku usine kila siku, anashindwa kupima muguu ya bibi yake! Na robe je? Fundi Saidi alikata upindo sawasawa na urefu ya ile talons. Nikivala bilatu ya chini, robe itafagia vumbi yote ya Hewa Bora. Tena ile robe tulishaigombania mingi. Baba mudogo, mwenye kupenda mambo ya parti na siasa, alisema robe na voile ya kichwa ni bintu ya bakoloni, nivale pagne ya kitenge kama citoyenne, mwananchi ya kweli. Ikafika Mama kusema: kanisa ni robe, mangaribi ni pagne, na muntu asiongeze neno. Sikutaka kufungua palabre ingine.

«Kisha, Nkambo, bibi arusi hapaswe kucheka. Bilatu ikinifinya, nitakuwa na sura ya huzuni, bote batasema niko na adabu!»

Nilifikiri atacheka. Akaweka sombe chini.

«Ikala.»

«Nkambo, fundi ananingoja...»

«Fundi eko na mashini ya kushona, siyo ndege. Ikala. Hata ulisoma mpaka diplôme, matako yako ingali inajua kazi yake.»

Nikaikala. Naandika hapa maneno yake vile aliisema, polepole, na miye nikimuangalia kinywa kama muntu anangoja bus.

«Mwanangu, kuna siku moja yenye haijatoka mu kichwa yangu. Miye nilitokea Pweto, pembeni ya ziwa, fasi tulikuwaka tunatembea bila bilatu mu muchanga tangu utoto. Miguu yangu ilipanuka kama kasia. Nkambo yako mwanaume, Kalumba, alikuwaka anafanya kazi ya treni hapa Lubumbashi, wakati muji ilikuwa ingali na jina ya bazungu. Alikusanya, akakusanya, akaninunulia bilatu mweupe. Yeye naye hakuuliza muguu, aliangalia sura tu. Banaume, mwanangu, macho yabo inapenda kupima hata kintu yenye haione.

«Nilipoivala nikasikia moto. Nikaambia bamama benye kunivalisha. Bakasema: nyamaza, bibi arusi anaenda polepole, anainamisha kichwa, analia, njo heshima. Basi tukatoka ku camp ya bafanyakazi kwenda kanisa. Kama bangeniacha nikimbie, ningefika mbele maumivu ikomae. Lakini desturi haikimbie! Hatua moja, basimame, baimbe. Hatua ingine, baimbe tena. Kufika ku mulango ya kanisa, machozi ilikuwa inafika mu shingo. Na bamama banapiga vigelegele: “Muone mutoto mwenye malezi! Analilia mama yake!” Mwanangu, nilisikia utamu mu ile uongo. Miguu inalia, kichwa inavimba.

«Padri akaniuliza kama ninamutaka Kalumba. Nilikuwa nauma meno, sauti ikatoka ndogo kama ya panya. Kalumba akageuka, akaniangalia. Miye sikumuangalia. Desturi, si unajua.

«Kisha ya arusi, mwanaume akanyamaza. Anaenda kazi mbele jua itoke, anarudia, anakula bukari yangu ya unga, anasema aksanti kama mugeni. Nikajiuliza: nilikosa nini? Chumvi? Na maumivu sikumwambia, nilikuwa naivala tena kila juma, juu ile bilatu ilikuwa jasho yake. Tulikuwa bawili mu nyumba moja, kila muntu anachunga mwenzake, na nyumba inapoa kama jiko yenye balisahabu kutia makala.

«Siku moja mama yake akatoka Pweto kutuona, na kitunga yake ya samaki ya kukauka. Akaniona natembea ku bidole. Akanishika muguu vile unashika ya mutoto, akaigeuza.

«“Nani alikuunguza?”

«“Ni bilatu ya arusi, mama.”

«“Bwana yako anajua?”

«“Hapana. Ataona haya.”

«Akaniangalia. Ile macho, mwanangu, ningali naiona. Akasema: “Unamuokoa na haya ya siku moja, unamupa huzuni ya kila siku. Mwenye kuficha uchi hazale. Ukificha kidonda, bwana yako ataitafutia jina yeye mwenyewe, na jina yenye atapata itakuwa mubaya kuliko kidonda.” Kisha akapaza sauti: “Kalumba! Kuya uone miguu ya bibi yako!”

«Kalumba akakuya, akainama, akaona. Akajiangusha chini ku udongo na nguo yake ya kazi.

«“Ni ile njo ilikuwa inakuliza mu kanisa?”

«“Njo ile.”

«“Na miye nilisema mu roho uliacha mwanaume Pweto! Nilisema baba yako alikulazimisha!”

«Akaanza kucheka, akacheka mpaka majirani bakatoka kuona nini inapita. Akatafuta kisu, akapasua ile bilatu pembeni, kushoto na kuume. Niliivalaka ku soko mpaka ikaisha, bidole inje inapiga upepo. Mwanaume mwenye kucheka vile, mwanangu, njo ile siku nilimupenda. Siyo siku ya kanisa.»

Nkambo akashika tena sombe yake. Miye nilikuwa na jibu tayari, kama siku zote.

«Mais Mwepu haiko vile, Nkambo. Mwepu anasema wazi.»

«Yeye anasema. Na weye?»

Nilikumbuka ile «iko juste» yangu, vile niliisema na meno yote inje.

«Sikiliza vizuri,» alisema. «Desturi ya kulia siitukane. Ulie ile siku, kuacha mama siyo muchezo. Lakini ulie kilio yako mwenyewe, usiazime ya bilatu. Adabu ni kuinamisha kichwa, haiko kufunga kinywa mbele ya muntu mwenye mutazeeka naye. Kintu yenye kukufinya, umwambie wakati ingali ndogo, wakati mungali munaweza kuicheka. Haya ya mwanaume ni kama umande, jua ikitoka inakauka. Maneno yenye muntu alinyamazia, ile haikauke, inaoza. Na usisahabu, yule Mwepu ni bwana yangu, miye nakuazima tu. Usiniaribie.»

Robe nayo, akashika upindo na bidole yake yenye kunuka sombe (nilitaka kupiga kelele), akaigeuza, akanionyesha: Fundi Saidi anaweza kuipandisha, ni kazi ya sindano tu. Miye nilikuwa naisema kama ukuta ya nyumba yenye haisukumike.

Kisha akaomba mikono yangu, akaitemea mate kidogo vile bazee banafanya kubariki, akasema:

«Mungu akupe nyumba yenye masikio. Usikose chumvi mu chungu, usikose muntu ya kuambia unaumwa fasi gani. Batoto utazaa bakucheke usoni, siyo nyuma ya mugongo. Uende, mwanangu, na miguu yenye Mungu alikupatia.»

Nilivua robe, nikaikunja. Fundi atangoja mpaka kesho, hatakufa.

Niko na woga, siwezi kudanganya. Mais kesho asubui, mbele sirène ya usine ilie, nitaenda kumungoja Mwepu ku mulango fasi bafanyakazi banaingia. Sitatuma muntu. Nitamuita pembeni, benzake basisikie, nitatoa kambambili yangu, nitatia muguu mu ile kilatu mbele ya macho yake, aone mwenyewe fasi kisigino inaishia. Kisha nitamuomba twende mu magazini sisi bawili, tuchague ingine. Akikasirika, afazali akasirike kesho, na miye niko pale ya kumujibu.