Zimeni Feni, Kompyuta Inafanya Kazi

Jamani, nani kanituma? Jana, ofisini kwetu Ngamiani, nilikuwa nawasha keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndani ya programu ya kukagua makosa ya kumbukumbu. Ukifanya hivyo, keneli huamka kwa mwendo wa kobe. Umeme ukakatika, tukabaki na betri ya akiba ya ofisi. Nikazima feni zote ili kompyuta isizimike katikati ya ukaguzi. Wenzangu wakaloa jasho hadi adhuhuri, na kila aliyegusa swichi nilimfokea: “Subira huvuta heri!”

Bosi wetu, Bi Zuhura, akaingia akijipepea kwa mtandio.

“Shikamoo. Bado inawaka taratibu.”

“Marahaba.” Akainamia skrini. “Imeshawaka kitambo, mwanangu. Inakusubiri wewe uandike nenosiri.”