Mzima Moto wa Wamaza

Enzi za Wabelgiji huko Kongo, Bulaimu wa kijiji cha Wamaza alikuwa na kazi iliyofanya hata mbwa wamnunie: kuzima moto wa watu. Bwana wake, Mzungu mwembamba aliyepachikwa jina la Kamata-Pumzi, alichunguza gesi isiyoonekana inayotoka ardhini. Usiku wa kiangazi, upepo ukilala, gesi hiyo hujikusanya bondeni pamoja na pumzi ya msitu. Jua likichomoza, hewa huchanganyika na vyote hupaa. Kwa kuipima gesi, Mzungu alijua msitu umepumua kiasi gani. Moshi wa majiko ungechanganyika na pumzi hiyo na kumharibia kazi, basi akaamuru: jua likizama, mtu asiwashe moto.

Bulaimu akaishika amri ile kwa mikono miwili. Mwenye kazi kwa Mzungu halimi pamba ya lazima wala hachapwi fimbo, na yeye fimbo aliijua. Alimwagia maji hata moto wa Bibi Binti, kikongwe mwenye kikohozi, huku akichekacheka. Astaghafirullah, mtu yule!

Kisha mkewe, Mwanvua, akajifungua mtoto wa kike. Kwao mzazi na mtoto hukaa kando ya moto mpaka arobaini itimie, na kiangazi kile baridi ilikuwa inang'ata.

"Bwana, mutoto iko na baridi," Mwanvua alimsihi. "Uache hata kaa moja."

"Nilizima ya watu wote. Yetu ikitoa moshi, si watanishitaki kwa Muzungu?"

Akamwaga maji.

Juma halijaisha, mtoto akafa. Bibi Binti akaja na mzigo wa kuni, akauweka mlangoni kwa Mwanvua, asimtazame Bulaimu.

Walizika alasiri. Watu walipotawanyika, Kamata-Pumzi akafika makaburini na debe lake la kunasia gesi, lenye mpira na pampu.

"Pole, Bulaimu," alisema, macho yake yakiwa kaburini. Udongo uliochimbuliwa hutoa gesi nyingi. "Hapa udongo iko mupya. Funika, vuta hewa."

Bulaimu alitamani kumpasua kichwa kwa debe lile. Akapiga magoti, akalifunika juu ya mwanawe, akavuta pampu huku machozi yakimtoka.

Jua likazama. Kutoka nyumbani kwake moshi ukaanza kupanda, mweupe, mnene: Mwanvua amewasha kuni za Bibi Binti.

Mzungu akanyoosha kidole. "Ule moshi iko ya nani?"

Bulaimu akainuka, akachukua ndoo ya maji yaliyobaki ya kunyunyizia kaburi, akaelekea kwake.