Zipora, msaka sauti wa milima ya Lushoto

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu bado haujaachia mikaratusi iliyo juu ya mji wa Lushoto. Ndani ya chumba cha mbao chenye dirisha moja, Zipora Shemweta anaweka chini kikombe cha uji na kubonyeza kwenye kipokezi chake cha redio tarakimu za mpaka wa chini wa masafa, kisha za mpaka wa juu. Mwisho anabonyeza kitufe cha kusaka.

Namba nyekundu zinaanza kukimbia. Mara zinasimama. Sauti ya mwanamume inasema kikosi cha Shume kimeamka salama, watu tisa, hakuna mgonjwa.

"Huyu ana mafua," anasema Zipora bila kugeuka, huku akiandika. "Jana sauti yake ilikuwa nzuri."

Ndugu Zipora, mwenye umri wa miaka 39 na mama wa watoto wanne, ndiye mpokeaji wa redio za upepo, zile za kuongea bila waya, za vikosi saba vya misitu vilivyotawanyika milimani. Mshahara wake ni shilingi 380 kwa mwezi. Elimu yake ni darasa la nne, na aliajiriwa mwaka 1969 kama mfagiaji.

"Nilikuwa nafagia, redio ikaita, mpokeaji mwenyewe ameenda dispensari," anakumbuka. "Mtu anaita, anaita. Nikaona haya kumwacha. Nikaitikia."

Tangu siku hiyo hakurudishwa kwenye ufagio.

Shida ilikuwa kwamba redio za vikosi ni za aina tatu, na kila aina ina masafa yake. Zipora alilazimika kuzungusha kitasa kutwa nzima, huku na huku, akiwatafuta watu mmoja mmoja. Juni mwaka jana kikaletwa chombo kipya, kipokezi kinachosaka chenyewe na kusimama penye sauti.

Fundi Saidi alikileta kutoka Tanga, akakaa nusu siku tu, kwa kuwa lori lililompandisha lilikuwa linateremka Mombo. Aliacha kijitabu cha kurasa 48, chote kwa Kiingereza.

Wiki ya kwanza Zipora nusura akirudishe stoo. "Kilikuwa kinasimama kila penye mvumo, kama mbuzi anavyosimama kila penye jani," anasema.

Akamwendea Mwalimu Eliudi, anayefundisha Kiingereza. Kila Jumapili baada ya ibada wakawa wanakaa na kile kijitabu. "Mwalimu alijua Kiingereza, mimi nilijua redio," anasema. "Tukawa tunakutana katikati."

Hivyo ndivyo alivyojifunza kufungia masafa yenye kelele za mashine ili chombo kiyaruke. Alijifunza pia kitasa cha kuzima mvumo, ambacho anakiogopa mpaka leo. "Ukikilegeza, kelele zinakujaa. Ukikikaza sana, unawaziba wanyonge, wale ambao sauti yao haina nguvu."

Sura moja tu iliwashinda, ile ya kukifanya chombo kingoje kidogo msemaji anapovuta pumzi. Wakairuka.

Aprili mwaka huu mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya nne, gari la dereva Timotheo, lililobeba wapima mipaka wanne, halikuita. Bwana misitu, Ndugu Nathanaeli, aliona kwamba labda redio imeingia maji, akashauri wasubiri hadi kesho.

"Nikamwambia, shikamoo bwana misitu, lakini Timotheo hajawahi kupitisha saa sita mchana bila kuita," anasimulia Zipora. "Akanitazama, akasema, basi mtafute."

Alipanua mipaka kupita masafa yote ya ofisi, akasaka hata mahali ambapo hapakuwa na mtu. Saa nane chombo kikasimama. Akasikia maneno mawili matatu ya Kishambaa kuhusu mguu wa mtu. Msemaji akavuta pumzi, na chombo kikakimbia zake.

"Nilihisi kama nimemshika mtu mkono ukaniponyoka," anasema. "Hata namba sikuwa nimeitazama."

Mzunguko uliofuata hakusikiliza maneno. Alikodolea macho namba tu, penseli mkononi. Ziliposimama akaziandika, kisha akabana mpaka wa chini na wa juu karibu kabisa na namba ile, chombo kisiwe na pa kukimbilia. Kila kilipoondoka kilirudi papo hapo. Na pale alikuwapo Timotheo.

Udongo ulikuwa umeporomoka na kulisukuma gari bondeni. Kitasa cha redio kilivunjika, kikakwama kwenye masafa yasiyotumiwa na mtu. Mpimaji mmoja, Silvano, alikuwa amebanwa mguu. Timotheo alitaja mahali: kona ya pili baada ya daraja la mbao, upande wa Magamba.

Bwana misitu alipeleka trekta na watu ishirini wenye majembe. Walitumia karibu saa tatu kufika.

Zipora alibaki akisikiliza. Kipokezi chake hakitumi sauti, na redio yake ya kutuma haikuwa na masafa yale. Betri ya gari ilipochoka na sauti kufifia, alilegeza kitasa cha mvumo mpaka mwisho, akainamisha sikio ndani ya zile kelele.

"Alianza kuaga," anasema polepole. "Akamwachia mkewe maagizo, shamba la viazi alime nani, mtoto wa mwisho asiachishwe shule. Nililia, lakini niliandika yote. Kisha akasema, nasikia trekta."

Wote watano walitoka hai. Silvano sasa anatembea kwa mkongojo.

"Tulidhani tunaongea na mawe," Timotheo alimwambia mwandishi huyu. "Kumbe dada alikuwa nasi muda wote."

Wiki moja baada ya kuokolewa, Timotheo alipanda kilima na debe la viazi, akalitua mlangoni. Zipora alimkabidhi karatasi yenye maagizo yake. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Mkewe hajaonyeshwa hadi leo.

Ile sura iliyorukwa sasa imesomwa. Zipora na Mwalimu Eliudi wanakiandika kijitabu chote upya kwa Kiswahili, na wamefika ukurasa wa 41. Agosti, wapokeaji wenzake kutoka Soni na Kwamkoro watakuja kujifunza kwake kwa siku tatu.

Pia ameandika barua kuomba redio ya kutuma inayoweza kuwekwa kwenye masafa yoyote. Hajajibiwa, na anasema ataandika nyingine.

"Nilimsikia Timotheo kwa karibu saa tatu, nikashindwa hata kumwambia nipo," anasema, na namba nyekundu zinasimama tena mbele yake. "Safari nyingine mtu akiita, nataka nimwitikie."